Wycliffe au Hus: jioni moja kabla ya Luther, umchukue nani?

Kila Oktoba inapokaribia, mwezi wa kukumbuka Matengenezo ya Kanisa aliyoyaanzisha Martin Luther, simu yangu huanza kulia. "Mwalimu, safari hii darasa la wazee lina jioni nne tu. Tatu tumempa Luther. Hiyo moja iliyobaki tumpe nani?" Wengi wanaouliza wamekwisha kuamua: wanamtaka John Wycliffe, msomi Mwingereza wa karne ya 14, "kwa sababu ndiye aliyetafsiri Biblia kwa Kiingereza". Wachache, hasa waliokulia Rungwe au Tabora katika Kanisa la Moravian, wanamtaka Jan Hus, mhubiri wa Prague, ambaye kanisa lao lina mizizi kwake.

Zamani nilikuwa najibu "Wycliffe" bila kusita. Kisha jioni moja mzee wa kanisa, fundi cherehani aliyestaafu, alinyosha mkono taratibu akasema, "Mwalimu, samahani. Huyu Wycliffe, kwa mkono wake mwenyewe, alitafsiri kitabu kipi? Mathayo? Zaburi?" Nilibabaika. Nikaomba nijibu wiki inayofuata, nikaenda kutafuta, na nikakuta kwamba jambo nililokuwa nikimsifia kuliko yote ndilo lenye ushahidi mwembamba kuliko yote.

Hapa chini nawaweka hawa wawili bega kwa bega. Najua wanahusiana kiasi kwamba kumchagua mmoja ni kama kumwalika mume ukamwacha mke nyumbani, lakini jioni ni moja na lazima mtu aamue.

Biblia kwanza, maana hapo ndipo wengi tunapojikwaa

Biblia inayobeba jina la Wycliffe iko katika matoleo mawili. La kwanza ni la miaka ya 1380 hivi, na linafuata Kilatini neno kwa neno hadi Kiingereza chake kinachechemea. La pili ni laini zaidi, na lilikamilika yeye akiwa kaburini, kwani alifariki 31 Desemba 1384. Oxford kuna nakala ya toleo la kwanza ambayo inakatika ghafla kwenye kitabu cha Baruku 3:20, katikati ya sentensi, na pale pale mtu ameandika kwamba kazi hiyo ni ya Nicholas wa Hereford, mfuasi wake. Ukiutafuta mstari ambao tunaweza kuwekea kidole na kusema "huu ni wa Wycliffe mwenyewe", hatunao.

Nilipomweleza yule fundi hivyo wiki iliyofuata, alicheka. "Kumbe ni kama suti ya dukani. Jina kolani ni la mwenye duka, mshono ni wa mafundi."

Mfano wake unatosha, ila nauongezea jambo moja: mwenye duka huyu ndiye aliyeleta kitambaa na kipimo. Mwaka 1378 Wycliffe aliandika kitabu kikubwa cha Kilatini juu ya ukweli wa Maandiko, akidai kwamba Biblia ni sheria ya Mungu, iko juu ya papa na juu ya mitaguso, yaani mikutano mikuu ya maaskofu, na kila Mkristo anawajibika kuijua. Ukishakubali hivyo, swali la lugha linakuja lenyewe, kwa kuwa mkulima wa Leicestershire hakujua Kilatini. Nakala za mkono zipatazo 250 za Biblia hiyo zimesalia hadi leo, idadi isiyofikiwa na maandishi mengine yoyote ya Kiingereza cha enzi ile. Na zimesalia licha ya amri ya Askofu Mkuu Thomas Arundel ya mwaka 1409, iliyokataza kutafsiri Maandiko au kusoma tafsiri mpya bila idhini ya askofu.

Kwa hiyo kama darasa lako linamtaka Wycliffe kwa ajili ya Biblia tu, nakushauri uache. Mchukue William Tyndale. Yeye alitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki, likatoka mtambo wa kuchapa mwaka 1526, na maneno yake tunayajua moja moja. Biblia ya Wycliffe ilitoka kwenye Vulgata, Biblia ya Kilatini ya Kanisa, na haikuchapwa nzima mpaka 1850.

Wycliffe na swali la nani mwenye haki ya mali

Wycliffe wa kweli ninamwona mahali pengine, kwenye kisa cha kiti.

Februari 1377 aliitwa kujieleza mbele ya maaskofu katika kanisa la Mtakatifu Paulo, London. Aliingia amezungukwa na wakubwa: John wa Gaunt, mwana wa mfalme na mtu mwenye nguvu kuliko wote nchini wakati ule, na bwana Henry Percy. Percy akamwambia aketi, kwa kuwa ana maswali mengi ya kujibu na atahitaji kiti laini. Askofu wa London, William Courtenay, akasema mshtakiwa husimama. Wakaanza kutupiana maneno, Gaunt akamtolea askofu vitisho, watu wa mji wakachachamaa, kikao kikavunjika. Wycliffe, kwa jinsi kisa kilivyosimuliwa, hakupata nafasi ya kutamka neno.

Kwa nini mwana wa mfalme amkingie kifua profesa wa Oxford? Kwa sababu ya fundisho ambalo mwenyewe aliliita la umiliki. Mungu peke yake ndiye mwenye mali na mamlaka yote. Binadamu amekabidhiwa tu, na amekabidhiwa kwa neema. Ni kama msimamizi wa mirathi: mali iko mkononi mwake lakini si yake, na siku akianza kuila mali ya yatima, anabaki nayo kwa nguvu, haki imekwisha kumtoka. Padre au askofu anayeishi katika dhambi ya mauti, Wycliffe alisema, hana haki mbele ya Mungu ya kushika mashamba na mapato ya Kanisa, na serikali inaweza kumnyang'anya kwa faida yake mwenyewe.

Uingereza ilikuwa imechoshwa na vita na Ufaransa. Mapapa walikuwa wamekaa Avignon kwa karibu miaka 70, na Waingereza waliwaona kama watu wa adui. Mwaka 1366 Bunge lilikataa kulipa ushuru ambao Mfalme John alimwahidi papa mwaka 1213. Sasa msomi mkubwa wa teolojia anakuja kukuambia kwamba kuchukua mali ya Kanisa ni jambo la kiroho. Nani katika jumba la mfalme angemfukuza?

Hapa niseme neno moja lisilopendeza kwa wanaompenda. Mtu huyu aliyeupiga vita utajiri wa Kanisa aliishi kwa mapato ya parokia ambazo kwa miaka mingi hakukaa, kama walivyofanya wasomi wengi wa wakati wake. Parokia ya Lutterworth, Leicestershire, alipewa na mfalme mwaka 1374, mwaka ule ule alipotumwa Bruges kujadiliana na wajumbe wa papa. Darasa likiuliza, usifiche.

Papa Gregory XI alilaani hoja zake Mei 1377, lakini barua zile zilifanya kazi ndogo. Kilichomwangusha ni mkate. Kuanzia 1379 hivi Wycliffe alifundisha kwamba mkate wa Ekaristi unabaki kuwa mkate baada ya maneno ya padre, ingawa Kristo yupo pale kiroho. Sababu yake ilianzia kwenye falsafa: kwake dhati ya kitu haiwezi kufutwa ikabaki rangi na ladha tupu zinazoelea bila kitu cha kuzibeba, na Mungu hadanganyi macho ya watu kwa namna hiyo. Hapo hata Gaunt alimwambia anyamaze. Ushuru wa papa ulikuwa mwiko mmoja. Altare ilikuwa mwingine kabisa.

Mwaka 1381 wakulima waliasi, wakamkata kichwa Askofu Mkuu Simon Sudbury, na maadui wa Wycliffe wakamtupia lawama. Si haki. Padre John Ball, mhubiri wa uasi ule, alikuwa amekwisha kugombana na maaskofu muda mrefu kabla Wycliffe hajaandika juu ya umiliki. Lakini Courtenay, yule yule wa kisa cha kiti, ndiye aliyerithi uaskofu mkuu, na Mei 1382 akaitisha kikao London kilicholaani hoja 24. Ardhi ilitetemeka siku kikao kinaendelea. Kila upande ukadai Mungu amesema kwa ajili yake.

Mojawapo ya zile 24 ndiyo ninayoitumia darasani: kwamba zaka ni sadaka tu, na waumini wanaweza kumnyima padre kwa sababu ya dhambi zake. Iandike ubaoni mbele ya wazee wa kanisa, kisha kaa chini. Hutahitaji kuongea tena mpaka chai.

Hus, aliyenakili akaandika pembeni

Jan Hus alizaliwa Husinec, Bohemia, katika Ucheki wa leo, mnamo 1370 hivi. Jina lake maana yake ni bata bukini, naye alilitania mwenyewe katika barua zake. Mwaka 1398, akiwa mwalimu kijana wa Chuo Kikuu cha Prague, alinakili kwa mkono wake vitabu vya falsafa vya Wycliffe. Nakala hiyo ipo hadi leo, Stockholm, na pembezoni mwa kurasa kuna maandishi madogo ya Kicheki. Moja linasema, kwa tafsiri yangu: "Ewe Wycliffe, Wycliffe, si mmoja utakayemvuruga kichwa." Kwa Kicheki ni mchezo wa maneno, kwa sababu jina Viklef linafanana na kitenzi cha kutikisa.

Naupenda mstari huo kuliko vitabu vingi vya historia. Ni kijana usiku, wino vidoleni, anakutana na wazo linalomtoa usingizini.

Vitabu vilifikaje kule? Mwaka 1382 Anne wa Bohemia aliolewa na Mfalme Richard II wa Uingereza, na wanafunzi wa Prague wakaanza kwenda Oxford. Jerome wa Prague alirudi na vitabu vya Wycliffe. Wengine wawili walikaa Uingereza mnamo 1406 na 1407 wakinakili, na mmoja wao alirudi na kipande cha jiwe la kaburi la Wycliffe kama watu wanavyobeba masalia ya watakatifu. Wycliffe, aliyekuwa akiwakejeli wanaoabudu masalia! Huko kaburini sijui alisemaje.

Kuanzia 1402 Hus alihubiri kwa Kicheki katika Kanisa la Bethlehemu, jengo lililojengwa kwa ajili ya mahubiri tu, lililoweza kuchukua watu wapatao 3,000. Linganisha na Wycliffe, ambaye karibu kila kitu tunachojua kwa hakika kuwa ni chake kiko katika Kilatini cha darasani, sentensi zake ndefu kama foleni ya benki mwisho wa mwezi.

Kwenye mawazo, Hus alichukua mengi kwa mwalimu wake ambaye hakuwahi kumwona: Kanisa la kweli ni jumla ya wateule wa Mungu, kichwa chake ni Kristo, na papa anaweza asiwe hata mmoja wa wateule. Kitabu chake juu ya Kanisa, cha mwaka 1413, kina kurasa zilizochotwa kwa Wycliffe karibu neno kwa neno, jambo ambalo enzi ile halikuwa wizi kama tunavyoliona leo. Lakini mahali pawili alikataa kumfuata mpaka mwisho. Aliendelea kuamini kwamba mkate unageuka kweli kuwa Mwili wa Kristo. Na alifundisha kwamba sakramenti ya padre mwovu inafaa kwa muumini, ingawa padre mwenyewe anaitoa pasipo kustahili.

Tofauti hiyo ina uzito kwa anayechagua. Kundi la Waluteri wanaofahamu mafundisho yao juu ya Meza ya Bwana watamwona Hus yuko karibu nao kuliko Wycliffe. Kundi lenye Wakatoliki ndani, kama darasa la ujirani mwema nililowahi kufundisha, litamsikiliza Hus kwa upole zaidi, hasa ukiwaambia kwamba Desemba 1999 Papa Yohane Paulo II alieleza masikitiko makubwa kwa kifo cha kikatili alichofanyiwa.

Vifo vyao

Kwa upande wa simulizi, hakuna shindano. Wycliffe alipatwa na kiharusi akiwa kwenye misa huko Lutterworth, akafariki siku tatu baadaye. Hus alikwenda kwenye Mtaguso wa Konstanz, mji wa kusini mwa Ujerumani, akiwa ameahidiwa hati ya usalama wa safari na Mfalme Sigismund, akakamatwa Novemba 1414 hati ikiwa mkononi, na 6 Julai 1415 akachomwa moto, kichwani amevishwa kofia ya karatasi iliyochorwa mashetani watatu.

Kabla ya safari aliacha barua kwa mwanafunzi wake, na nje akaandika isifunguliwe mpaka iwe hakika amekufa. Ndani anajutia muda alioupoteza kwenye sataranji, na hasira alizowapandisha watu kwa mchezo huo. Anamwachia kijana joho lake la kijivu akilipenda. Wasomee vijana barua hiyo, utaona simu zinavyowekwa chini.

Mtaguso ule ule, miezi miwili kabla ya kumchoma Hus, ulimlaani Wycliffe aliyekuwa amekufa miaka 30 na kuamuru mifupa yake ifukuliwe. Amri ilikaa hadi 1428. Aliyeitekeleza ni Askofu Richard Fleming, ambaye ujanani Oxford aliwahi kuonekana yuko upande wa Wycliffe. Mifupa ilichomwa, majivu yakamwagwa katika mto Swift, kama ya Hus yalivyomwagwa katika Rhine.

Waliacha nini nyuma

Wafuasi wa Wycliffe waliitwa Walolardi, jina la dharau. Sheria ya 1401 iliruhusu wazushi kuchomwa moto. Mwaka 1414 bwana John Oldcastle alijaribu uasi ukashindwa, na baada ya hapo wakubwa waliwakimbia. Walibaki mafundi, wafumaji, wanawake waliosomeana Injili usiku. Vijiji vingine viliendelea hivyo mpaka maandishi ya Luther yalipovuka bahari. Wycliffe aliacha wasomaji waliojificha; kanisa lenye jina lake hakuacha. Jina lenyewe ndilo lililosafiri: pita magharibi mwa Kenya, hutakosa kina Wycliffe, wengi wao hawajawahi kusikia habari za umiliki.

Hus aliacha taifa linalowaka. Wafuasi wake walidai waumini wapewe kikombe cha divai pamoja na mkate, wakapigana vita kuanzia 1419 hadi 1434, wakayapiga majeshi yaliyotumwa dhidi yao mara kwa mara. Kutoka pembeni mwa fujo hiyo, mwaka 1457, likatoka kundi dogo lililokataa upanga: Umoja wa Ndugu. Wakasagwa baada ya 1620, mabaki yao wakahamia Herrnhut, Saxony, Ujerumani, mwaka 1722, wakaanza kutuma wamisionari mwaka 1732, na mwaka 1891 wakafika Rungwe. Leo hakuna nchi duniani yenye Wamoravian wengi kuliko Tanzania. Ukifundisha Mbeya ukamwacha Hus, waumini wako wana haki ya kukuuliza.

Na Luther? Mwaka 1520 alipomsoma Hus alikiri kwamba walikuwa Wahus wote bila kujua. Hakusema "sote ni wa Wycliffe". Lakini katika kitabu kile cha Hus juu ya Kanisa alichokuwa akisoma, Wycliffe ndiye aliyekuwa akiongea nusu ya wakati.

Basi umchukue nani

Vijana, kwaya, Jumapili ya Matengenezo yenye watoto: Hus, bila mjadala. Vilevile Wamoravian, na darasa lenye Wakatoliki.

Baraza la wazee, kamati ya fedha, wanafunzi wa chuo cha uchungaji: Wycliffe. Maswali yake bado yana moto: mali ya Kanisa ni ya nani, kiongozi mwovu anapoteza nini, serikali iguse wapi. Jiandae kukaa nayo siku mbili kabla, kwa kuwa hana kisa kama cha Hus cha kukubeba; ukiishiwa na hoja, umekwisha. Na waambie pia upande wake dhaifu: dawa aliyoitoa kwa maaskofu wala mali ilikuwa kumkabidhi mali hiyo John wa Gaunt, mtu ambaye hakuna aliyemdhania mtakatifu.

Mimi siku hizi nikiachiwa nafasi namchukua Wycliffe, lakini naingilia kwa mlango wa Hus. Naanza na ile nakala ya Stockholm, nasoma maandishi ya pembeni, kisha nauliza: ni wazo gani lililomvuruga kijana huyu kichwa? Saa moja na nusu inatosha, mradi mkate uje kabla ya zaka, maana zaka zikitangulia hakuna atakayerudi kwenye mkate. Na kama kuna mtu darasani aliyesoma falsafa seminari, muombe kwa heshima asubiri mpaka baada ya chai.